Pale Bibi Alipovuta Pumzi

Cloonagarve, Sligo
Novemba 19, 1928

Mdogo wangu Malachy,

Pokea salamu zangu, na kama zimechelewa usinilaumu, maana tangu viazi viingie ghalani sijapata kukaa kitako ila kanisani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kile kikohozi cha mwaka jana kimekwisha, na Rose na mtoto wako salama. Huku sisi hatujambo kwa kadiri ya wazee na ng'ombe. Mvua inanyesha. Kwa habari za hali ya hewa hutahitaji barua nyingine kutoka kwangu hadi Mei.

Baba ni mzima wa mwili. Anakula, analala, asubuhi anawafungulia bata bukini mwenyewe, na Jumapili anakwenda Misa ya kwanza kwa miguu bila kumshika mtu mkono. Macho ndiyo yamemwacha. Maandishi hayaoni kabisa, hata yale makubwa ya kwenye gunia la unga, kwa hiyo barua zako namsomea mimi. Nakwambia haya mapema ili ujue kwamba nitakayoyasema huko chini si habari za ugonjwa. Afadhali ungekuwa ugonjwa, ningemwita daktari kutoka Tubbercurry, akaja, akala mayai yetu, akaondoka.

Nimechoka, Malachy. Naliandika neno hilo hapa mwanzo lisije likanikwama. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nawe uko mbali, hata huo usufi huuoni. Basi kaa nikueleze jinsi santuri yako ilivyoingia nyumbani kwetu, maana wewe uliituma tu, sisi ndio tulioishi nayo.

Gramafoni ilifika Machi, juu ya mkokoteni wa punda wa jirani yetu Luke Gethins, imefungwa blanketi kama mtoto mchanga anayepelekwa kubatizwa. Sidhani kama wiki ile kuna mtu wa huku aliyefanya kazi ya maana. Walikuja kina Feely wote, wakaja kina Drury, akaja hata yule mjane wa ng'ambo ya kinamasi ambaye hajatusalimu tangu ule ugomvi wa ua. Nilichemsha chai hadi majani yakaisha. Santuri ilipoanza kuzunguka na fidla yako ikatoka mle sandukuni, Honor Feely alifanya ishara ya msalaba, akauliza kama husikii baridi humo ndani. Baba alivua kofia. Ndani ya nyumba yake mwenyewe alivua kofia, akaishika mapajani hadi mwisho, kisha akasema neno moja tu: "Rudia." Nikarudia. Nimekuwa nikirudia tangu siku hiyo, na mkono wangu wa kuzungushia ufunguo wa mashine sasa ni mkono wa mhunzi.

Luke akasoma kile kikaratasi cha katikati ya santuri. Wimbo ambao sisi tuliuita ule wa Bibi, basi, wao huko wameuandika Kipenzi cha Malachy. "Hiyo ndiyo Amerika," Luke akasema. "Mtu anapanda meli na wimbo wa bibi yake, akishuka ni wake!" Watu wakacheka, Baba akawashinda wote kwa kucheka. Alisema kitu kikiuzwa lazima kiwe na jina, hata ndama akienda mnadani hupewa jina. Nilimwona amefurahi, nami nilifurahi. Nataka ujue hilo, kwamba hatukuwa na kinyongo hata kidogo.

Siku zile hakuna aliyeona kasoro. Piano ilikuwa ikigonga huko nyuma yako, nasi tukadhani ndiyo mambo ya huko. Lakini Amerika inasahaulisha watu, basi acha nikukumbushe. Katika sehemu ya pili ya wimbo wa Bibi, kabla ya kurudi mwanzo, Baba huuacha upinde utulie kidogo juu ya uzi. Si kwa muda mrefu, ni kama mtu anayesita mlangoni. Wachezaji wa Cloonagarve wote hujua kuacha mguu mmoja hewani pale. Mgeni kutoka Gurteen ambaye hajui huukita wake sakafuni peke yake, puu, na nyumba nzima humpigia kelele: "Mgeni katua!" Ni watu wangapi tuliowacheka hivyo tangu tukiwa watoto! Wengine hawakurudi tena kuchumbia huku.

Kwenye santuri yako, pale hapasitiwi. Wimbo unapita moja kwa moja kama treni isiyo na abiria wa kushuka Ballymote.

Vijana walijifunza wimbo kutoka kwa mashine. Walikuja jioni baada ya kukamua, vijana wawili wa Feely na yule mrefu wa kina Drury, na fidla zao chini ya makoti. Gramafoni yetu inakimbia kidogo, nadhani ilizaliwa na haraka, kwa hiyo sauti yako inatoka juu kuliko fidla ya mtu yeyote. Unadhani kuna aliyeilaumu mashine? Walikaza nyuzi zao ili wakufikie. Nyuzi zilikatika moja baada ya nyingine hadi duka la Tubbercurry likaishiwa, nao wakaambiana kwamba huko Amerika hewa ni nyepesi, mtu lazima apige juu. Nilicheka sana wakati ule. Kufika Mei hakukuwa na kijana hata mmoja aliyeupiga wimbo ule ila kama unavyoupiga wewe, bila kusita.

Juni akaolewa Bina, binti wa Honor Feely. Tulitoka Misa, tukala, ghala likafagiliwa, na Baba akapewa kiti chake cha katikati kama kawaida, vijana wa Feely kulia na kushoto. Watu wakataka wimbo wa santuri. Angalia walivyouita. Wakaanza vizuri, na sehemu ya pili ilipokaribia mwisho Baba akasita, na hakuna mwingine aliyesita. Vijana wakapita, wachezaji wakapita, upinde wa Baba ukabaki nyuma unatafuta pa kuingilia. Bina akamkanyaga mume wake. Halafu mtu mmoja kule mlangoni, wala sikutaka kujua ni nani, akapaza sauti: "Mgeni katua!"

Walicheka, Malachy. Walicheka bila ubaya, kwa mazoea tu, kama mtu anavyoitikia amina. Baba naye alicheka. Aliuweka upinde mapajani, akausikiliza wimbo wa mama yake hadi mwisho huku akitikisa kichwa kufuata miguu ya watu, kisha akaomba glasi ya maji. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la nyama, nalo likanizidi uzito, ikabidi niliweke chini.

Tulirudi kwa miguu hadi darajani. Hapo akaniuliza kama naona amezeeka. Nikamjibu kwamba tangu nipate kumjua ni mzee, na sioni mabadiliko. Mzaha huo haukufika popote. Alisema amekuwa akiisikiliza santuri tangu Machi na kuna mahali anapotofautiana nawe, na mwanzoni alidhani ni wewe uliyesahau. Sasa ameelewa. "Mwanangu ana adabu," akasema. "Miaka yote alikaa pembeni yangu akijua nakosea, hakunifungulia mdomo mbele za watu. Akangoja avuke bahari, ndipo akanirekebisha kwa fidla, taratibu, mtu mwingine asijue. Nani mwingine ana mtoto kama huyo?"

Umesikia? Anadhani uliituma ile santuri kumsahihisha. Na alilisema hilo kwa fahari, amejaa shukrani, huku mimi nikitazama maji ya mto. Nikwambie kweli, siku ile nami nusu nilimwamini. Wewe ndiye uliyepigwa chapa, wewe ndiye unayeuzwa madukani. Nani sisi?

Basi majira yote ya kiangazi Baba alirudi shule. Nyasi zikikatwa, zisipokatwa, yeye yuko pale karibu na sanduku, sikio limelala ubavuni mwake. Husikiliza kipande, hunifanyia ishara niinue sindano, halafu hukitafuta kile kipande kwenye fidla yake. Akikosa, hunitazama kama mtoto aliyemwaga maziwa. "Tena, Attracta." Tena. Wewe unavijua vidole vyake, vile vilivyokufundisha vya kwako pale kwenye benchi. Vilikuwa vikifika penye kusita, vinasita vyenyewe, naye huvipiga kofi kwa mkono wa pili. Nilikuwa natoka nje. Nimesafisha banda la nguruwe mwaka huu kuliko nguruwe wanavyohitaji.

Septemba akarudi Batty Kilcullen, yule mpiga banjo uliyekaa naye chumba kimoja kule Bronx. Ana kofia mpya na jino la dhahabu, na ukimwuliza habari za asubuhi anakueleza habari za New York. Nilimkuta kwenye foleni ya mikokoteni pale kituo cha maziwa. Akaniuliza kama tumeipata santuri, nikamwambia tumeipata, naye akacheka akasema basi sisi tunasikiliza kazi ya mwanamume aliyekuwa karibu kulia. Nikamwambia anieleze. Foleni ilikuwa ndefu, akanieleza yote.

Alisema siku uliyorekodi alikusindikiza, akaachwa asimame mlangoni mradi asikohoe. Alisema walikuletea mpiga piano kutoka jumba la michezo, bwana mwenye kola ngumu, asiyejua muziki wetu hata wa kutambikia. Ulipoanza wimbo wa Bibi, yule bwana alikufuata vizuri hadi penye kusita. Wewe ukasita, yeye akaendelea, mkakutana huko mbele kama mbuzi wawili juu ya daraja. Wakaharibu sahani ya kwanza ya kurekodia, wakaharibu ya pili. Msimamizi akatoka na mikono ya shati imekunjwa, akakuambia hicho kigugumizi kiondoke au uondoke wewe, maana nje kwenye benchi amekaa mtu wa kodiani anayesubiri nafasi yako. Ulimwomba upige bila piano. Alisema bila piano hakuna anayenunua. Basi ukaunyoosha wimbo. Batty alisema mlipotoka hukutaka kwenda kunywa naye, ulikaa kwenye ngazi na sanduku la fidla magotini, na alipokuuliza una nini ukamwambia umemkaba bibi yako.

Malachy, mdogo wangu, sikukasirika. Nilitaka kumkumbatia Batty Kilcullen pamoja na jino lake. Nilirudi nyumbani nikimkimbiza punda, maziwa yaliyobaki yakimwagika, kwa sababu nilikuwa nimebeba dawa ya Baba. Hakukosea! Wewe ndiye uliyeshikwa koo na mtu wa piano, basi. Nilimkuta anamenya viazi, nikamwambia yote, hadi neno lako la kwenye ngazi.

Alinisikiliza hadi mwisho, akamaliza kiazi chake, akakiweka kwenye sufuria. Kisha akacheka kidogo, akasema: "Wewe binti, siku zote ni mtu wa kunifunika blanketi." Alisema Batty Kilcullen hajawahi kusema kweli tangu alipotoka tumboni, na ukweli hapo alikuwa na haki. Nikamwapia. Akaniambia hata kama ni kweli haidhuru, tena ndiyo inazidi kuonyesha. Piano ni chombo cha watu waliosoma muziki, akasema. Kama piano imefika pale ikakataa kusimama, basi pale hapana pa kusimama.

Halafu akaniambia jambo ambalo sikuwa nalijua, na sidhani kama wewe unalijua. Bibi hakuwa na fidla. Alikuwa akiuimba ule wimbo kwa mdomo tu, bila maneno, akisukasuka maziwa, na Baba akiwa mdogo aliushika kwa kumsikiliza hivyo. Bibi alikuwa na kifua kibovu. Akifika pale mwisho wa sehemu ya pili alikuwa ameishiwa, anavuta pumzi, ndipo anaendelea. "Alikuwa anahema," Baba akasema. "Mwanamke mgonjwa anahema juu ya pipa la siagi, na mimi mtoto mjinga nikadhani ni muziki. Maisha yangu yote nimewafanya watu wa Cloonagarve wacheze ugonjwa wa mama yangu." Alisema hivyo bila machozi. Aliona aibu, Malachy. Aliona aibu kama mtu aliyekutwa amevaa koti nje-ndani mbele ya askofu.

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia ugonjwa huo ulikuwa mtamu kuliko uzima wa watu wengine. Akasema niangalie sufuria.

Oktoba alianza kuzunguka. Alivaa koti la Jumapili, akaenda kwa kila mtu ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumfundisha ule wimbo, akaomba radhi. Alikwenda kwa Luke Gethins, ambaye hakujua atazame wapi, akammiminia wiski na kumwambia, "Mzee Dominic, mimi huo wimbo hata sikuushika vizuri, usijisumbue." Alikwenda kwa mume wa Honor. Alikwenda hadi Gurteen kwa fundi viatu mmoja aliyehama zamani, akarudi amelowa hadi mfupani. Kila alikokwenda walimwambia hakuna neno, na kila walipomwambia hakuna neno alizidi kuamini kwamba kweli alikosa. Watu wetu hawawezi kumbishia mzee anayeomba radhi. Wanaona ni utovu wa adabu.

Sasa nakuja penye jambo lenyewe. Ningeweza kuliruka na usingejua.

Jumapili ya wiki iliyopita, sikukuu yenyewe ya Martin Mtakatifu, watu walikuwa waje mchana kusikiliza santuri kama kawaida yao. Baba alikuwa Misa ya kwanza, mimi nilibaki niende ya pili. Nilikuwa nimekamua, nimelisha, nimefagia damu iliyokauka ya jogoo wa mkesha, ile tunayoinyunyiza kizingitini kila mwaka. Nikaitazama ile mashine kwenye meza ya Mama. Sikupanga kitu. Niliitoa santuri yako, nikatoka nayo uani, nikaivunja juu ya goti langu. Inavunjika upesi, hutaamini. Vipande nikavisukumia ndani ya biwi la samadi kwa uma, kisha nikanawa mikono nikaenda kanisani, na sikuungama, wala sitaungama. Niliwaza hivi: mwalimu akiondoka, mwanafunzi atarudi kwao. Vidole vyake vitakumbuka. Vitasita vyenyewe, na safari hii hakuna sanduku la kuvibishia.

Baba nilimwambia paka ameiangusha. Alikaa akaipapasa meza pale ilipokuwa. Akaniuliza kama paka ameumia.

Watu walipokuja na kusikia, walisikitika kama kwenye matanga. Honor alianza kusema tukuandikie utume nyingine. Baba akainuka. Alisema wasihuzunike, hasara si kubwa, kwa maana Mungu amemjalia amemaliza kujifunza ule wimbo wiki ileile. Akaichukua fidla. Alikuwa amezikaza nyuzi, kumbe, kama vijana. Kabla ya kuanza aligonga upinde mara moja kwenye mbao ya fidla, ko, na sikuelewa, halafu nikaelewa. Ni ule mlio mdogo wa kugonga ulioko mwanzo wa santuri, kabla ya muziki. Batty alikuwa amenieleza: yule msimamizi alikugusa bega kukuonyesha uanze, ukashtuka, upinde ukagonga. Baba amejifunza na hilo. Alidhani nalo ni wimbo.

Akaupiga wote. Mbio zile zako zote, mapambo yako yote, kwa vidole vile. Pale pa kusita alipita kama hapajawahi kuwa na kitu. Na mwisho aliukata ghafla, kama santuri inavyoukata kwa sababu nafasi imekwisha, akauinua upinde juu na kutabasamu. Nyumba ililipuka kwa makofi. Kijana mrefu wa Drury alisema, "Ukifumba macho ni Malachy mtupu!" Kina Feely walimbeba begani. Tangu harusi ya Bina sijamwona Baba amefurahi namna ile, wala sijapata kuona kitu cha kusikitisha kama hicho, na nilikuwepo wakati wa kumzika Mama.

Nilikwenda bandani kwa ng'ombe. Nikajiambia, haidhuru, yeye ameupoteza, mimi ninao. Nilizaliwa ndani ya wimbo ule. Nikaanza kuuimba kwa mdomo, polepole, na nilipofika mwisho wa sehemu ya pili nikapita. Nikaanza tena, nikapita tena. Nilijilazimisha kunyamaza pale, lakini sikujua ninyamaze kiasi gani. Nikinyamaza kidogo ni kosa, nikinyamaza zaidi ni ukimya tu. Mkono huu uliozungusha ufunguo wa mashine umeifuta pumzi ya Bibi kichwani mwangu. Ng'ombe wakanitazama. Nililia pale, nikamkamua yule mwekundu ambaye hata hakuwa na maziwa.

Kwa hiyo nimewauliza wengine, kwa kuzungukazunguka, bila kusema ninachotafuta. Luke hana. Mume wa Honor anadhani anao, lakini anaoupiga ni wa kwako. Waliobaki wamelala makaburini kwa padri. Malachy, hakuna tena mtu ulimwenguni mwenye wimbo ule ila wewe, uliyeukata.

Usitume santuri nyingine. Usiandike kumweleza, kwa maana barua nitamsomea mimi, naye atasema ninatunga maneno kumfunika blanketi. Hilo tayari amelisema. Hatamwamini Batty, hataniamini mimi, na mimi nisingejua hata kumwimbia. Atakuamini wewe peke yako, tena ukiwa hapa, umekaa kwenye lile benchi pembeni yake, na fidla mkononi, unasita pale mahali mbele ya macho ya watu wote waliomcheka. Najua kazi zako. Najua Rose atasema nini, na nauli, na majira ya baridi baharini. Sikuombi uje kwa ajili yangu, mimi nitaendelea kuchoka hata ukija. Njoo kwa ajili yake kabla hajasahau kabisa kwamba alikuwa sahihi. Njoo kabla nawe hujasahau, ukikaa huko unaupiga kila Jumamosi pamoja na piano.

Msalimie Rose, umbusu mtoto kwa niaba ya shangazi yake. Honor na Luke wanakutakia heri. Bina ni mjamzito. Bata bukini wako salama hadi Krismasi.

Baba ameketi hapa karibu na moto ninapoandika, anajua barua ni ya kwako, na ameniomba niiweke salamu yake mwenyewe kwa maneno yake, nisiongeze wala nisipunguze. Basi siongezi. Anasema: "Mwambie Malachy nimeshaupata. Na aniwie radhi, mwanangu, nilivyomfundisha vibaya."

Ni mimi dada yako,
Attracta Brehony